Nyuzi Nilizozifungua

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Agosti 2025

Mpendwa kaka Abdulhamid,

Assalaam alaykum, na shikamoo kaka. Goti linaendeleaje na joto la huko Maskati? Wifi Shamsa na watoto hawajambo? Sisi tunapumua, alhamdulillahi.

Umeshasikia mdogo wetu Sitara amepasuliwa titi kwa saratani. Ambalo hujaambiwa ni langu mimi, na nakuomba ulisome lote kabla hujanipigia simu.

Daktari alitueleza kwamba atatoa uvimbe tu, titi litabaki. Nyama ikitoka inapigwa eksirei hapohapo, Sitara akiwa bado amelala, waone kama ugonjwa umefika ukingoni mwa nyama hiyo. Ukifika upande mmoja, anaongeza kukata upande huo, ndipo anashona.

Siku yenyewe nilikuwa nangoja nje ya chumba cha upasuaji. Nesi alikuwa peke yake, akanipa chombo chenye ile nyama nikipeleke chumba cha picha, mlango wa pili. Nikakifunua niisomee dua, maana nilishaomba wakimaliza nayo tukaizike. Nikaona nyuzi mbili zimefungwa kwenye nyama, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Kaka, wajua mimi ndiye mwosha maiti wa wanawake hapa mtaani. Mkono umezoea, kilichofungwa mwilini nafungua kabla ya kuosha. Nikazifungua, zikatoka.

Kumbe ndizo alama za daktari, upande upi wa juu, upi wa kwapani. Picha ikaonyesha ukingo mmoja una ugonjwa, na hakuna aliyejua ni upi. Daktari akatoka kuulizia nyuzi. Nikafungua kiganja. Hakunifokea, alirudi ndani akakata pande zote. Picha ya pili ikatoka safi, ila titi limebaki dogo mno. Nikamwomba aniachie nimweleze Sitara mwenyewe.

Sikumweleza. Alipojishika akaamini ugonjwa umeenea, na kila aliyemwambia picha ni safi akamwona anambembeleza tu. Akaanza kugawa kanga zake. Juzi akaniusia kwamba siku yake ikifika nimwoshe mimi, mkono mwingine usimguse. Hapo nikashindwa, nikamwambia yote.

Kisha akauliza, "Kwa hiyo dada, mimi sifi?"

Nikamjibu hiyo ni siri ya Mungu, majibu ya maabara bado, ila kingo zilionekana safi kweli.

"Basi nirudishie kanga zangu. Anza na hiyo uliyovaa."

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka, alinyoosha mkono anaisubiri.

Kaka, kila nikisali namwomba Mungu anisamehe, lakini Sitara mwenyewe sijathubutu kumwomba. Nimemuumiza mwili, kisha nikamwacha ajililie kifo ili mimi nisione aibu. Ukimpigia, mjulie hali tu, usinitetee. Hilo ni la mdomo wangu.

Nisalimie wifi, Ridhiwani na ami Sadalla. Mola awafunike kwa rehema zake, na atuonyeshe sura zenu tukiwa wote wazima.

Mdogo wako akupendaye,
Badria