Kisanduku cha Mwalimu Wekesa Hakikuharibika

Mwalimu,

Kisanduku chako cha sauti hakikuharibika. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ulilokuwa ukiniuliza hadi wiki ya mwisho, na kwa sababu nikianza na salamu nitalia, na leo sitaki kulia. Leo nina hasira, tena hasira iliyoshiba. Acha nikusimulie kwa utaratibu, vile ulivyonifundisha.

Habari ndogo kwanza. Darasa lako la kompyuta la sisi vipofu hapa Kabiria bado lipo, ninalishikilia mimi. Nina wanafunzi wawili, mama mmoja aliyepoteza macho kwa kisukari na mzee aliyekuwa dereva wa lori. Yule msomaji wa ndani ya kompyuta, anayetusomea kilicho kwenye skrini, bado anasoma Kiswahili kama padre mgeni, na bado tunamcheka. Akinyi, jirani yangu anayesuka nywele Kenyatta Market, akipata wateja wengi hunipitishia nyama, na kila mara hukumbuka ulivyopenda mbavu. Mama Brenda wako anakula, analala, anaenda kanisani. Lakini baada ya mazishi aliinama, Mwalimu. Alikuwa anatembea karibu na ukuta akiwapisha watu.

Siku ya kukuaga ulikuwa kwenye jeneza, kwa hivyo hukusikia alichosema Makokha. Meneja wako, mtu wa kwenu, aliyekunywa chai nyumbani kwako mara ngapi sijui. Alishika maiki hapo kanisani kabla hatujakusafirisha Bungoma, akasafisha koo, akasema: "Mwalimu Wekesa alikuwa mtu mzuri, ila teknolojia ilimpita. Mashine ya ofisi ilimharibikia mkononi. Lakini sisi tulimvumilia." Kisha akatoa bahasha. Na mke wako, Mwalimu, mke wako akasimama na kumshukuru. Akasema asante kwa kumvumilia mzee wangu. Niliuma mdomo wangu hadi nikaonja damu.

Tangu siku hiyo Mama Brenda alimwomba radhi kila mtu wa ofisini kwenu Hurlingham aliyekuja kumpa pole. Mniwie radhi kwa ile mashine ya watu. Nilimwambia hukuharibu kitu. Akaniuliza, wewe uliona? Mimi nione wapi.

Ninachokijua ni kile ulichoniambia kwa simu siku zile. Ulifika kazini Jumatatu, ukavaa spika zako za masikioni, ukakaa tayari kuandika ile mikutano iliyorekodiwa, na kompyuta haikusema neno. Watu wenye macho wakisikia kompyuta haina sauti hudhani ni shida ya muziki. Sisi vipofu, sauti ikikatika, hatuna kompyuta tena, tuna sanduku lenye joto. Ulichomoa kisanduku, kile kinachopokea sauti ya kompyuta na kuipeleka masikioni, ukakirudisha. Ukabadilisha tundu. Ukabadilisha waya, ule wenye mdomo wa mraba, ukaleta mwingine kutoka nyumbani. Ukazima, ukawasha. Ukaandika amri zote unazozijua kwa vidole, lakini amri ukiiandika hujibu kwenye skrini, na skrini si kitu chetu.

Basi ukaomba jambo moja. Ulimwambia Makokha, nisomee tu kilichoandikwa hapo, dakika moja. Na yeye akakujibu, "Mwalimu, hapa kila mtu anajipanga. Jipange." Ukaniambia hivyo ukicheka kile kicheko chako cha kuficha. Kesho yake ulimwomba tena, akakujibu vilevile, na ulipowaomba wenzako wengine walikwambia meneja amekataza, kwamba hii ndiyo njia ya kujua kama kazi unaiweza. Kisha ikaja barua ya kusema mkataba hauendelei. Sisemi Makokha alikuua. Daktari alisema ni presha. Lakini kabla ya wiki ile presha yako niliijua, tulipimwa pamoja pale kliniki, na nesi alikusifu.

Sasa sikiliza. Baada ya mazishi ofisi ilimtuma dereva alete kompyuta ileile kwa Mama Brenda, pamoja na skrini yake na kisanduku chako, eti kifuta machozi. Mashine mbovu kwa mjane. Mama Brenda hakutaka hata kuigusa, akanipa mimi. Nikaipanga mezani kwangu vilevile ilivyokuwa, kila waya mahali pake, nikawasha. Kimya.

Nikakumbuka maneno yako: badilisha kitu kimoja tu, halafu sikiliza. Nilikuwa nakukasirikia ukisema hivyo, kwa sababu mimi hupenda kuchomoa kila kitu kwa mpigo. Safari hii nilikutii. Nikakichukua kisanduku chako nikakichomeka kwenye kompyuta yangu ndogo, ile yenye mfumo wa Linux uliyonipangia mwenyewe, na hapohapo kikasema. Kizima kabisa. Nikachukua waya wake nikaujaribu, mzima. Nikarudisha kila kitu kwenye mashine ya ofisi, kimya. Nikaketi kitandani nikakutukana kidogo kwa kufa, unisamehe, halafu nikamwita Akinyi.

Akinyi hajui kompyuta. Aliingia mikono ikinuka mafuta ya nywele, akaniuliza asome wapi. Nikamwambia nitabonyeza, yeye asome tu mahali palipoandikwa sauti inatoka wapi. Akasoma polepole, kama anasoma bei. Akasema, "Nanjala, hapa wameandika sauti inaenda kwa hii TV. Hii iko na jina ya kampuni kama ile imeandikwa hapa mbele yake." Nikamwambia hiyo si TV, ni skrini. Akasema basi ni hiyo.

Nilipapasa nyuma ya skrini, nikaushika waya wake, nikauvuta. Na msomaji akaanza kusema masikioni mwangu, Mwalimu, kwa ule mwendo wako wa kukimbia ambao hakuna mtu mwingine anaouweza. Akinyi akasogeza sikio, akaniuliza ni lugha gani hiyo. Nilikaa nikaacha isome tu, saa, tarehe, majina ya mafaili, chochote.

Umeelewa? Bila shaka walikuwekea skrini mpya mwisho wa juma, kabla ya Jumatatu ile. Kompyuta ikaona kitu kipya chenye uwezo wa kupokea sauti, ikakipelekea sauti yote, na skrini yenyewe haina spika hata moja. Siku zote zile msomaji wako alikuwa anasema, alikuwa anasoma kila ulichobonyeza, akisomea kioo. Na hukujua kuna skrini mpya kwa sababu hakuna aliyekwambia. Nani humwambia kipofu habari za skrini? Mtu mmoja angekusomea mstari mmoja, ungemaliza kabla chai haijapoa. Akinyi wa Kenyatta Market aliusoma, na hata kiti hakuvuta.

Ulizoea kusema kompyuta haina kinyongo, ina nyaya tu. Mimi nina vyote viwili. Nikajua kwamba nikienda Hurlingham kupiga kelele, watanipa maji ya kunywa na kunisindikiza hadi kwenye lifti. Maneno yale hayakusemwa Hurlingham. Yalisemwa kanisani kwetu, mbele ya mke wako, na nilitaka yafutwe palepale. Kwa hivyo nilingoja ibada ya shukrani ya baada ya mazishi yako. Ulinifundisha mengi, Mwalimu, lakini lile somo la kusamehe nadhani nililala.

Ibada ilikuwa Jumapili hii iliyopita. Mitambo ya sauti nilipewa mimi, kama kawaida. Nilichomeka maiki zote mbili kwenye kisanduku chako, kisanduku kikapeleka sauti kwa spika, na kompyuta ikarekodi kwa ajili ya Brenda wako aliye Doha. Niliketi kando ya madhabahu na kidole changu kwenye kile kitufe unachozungusha kupandisha na kushusha maiki ya mbele. Mama Brenda alikuwa amemweka Makokha mbele kama mgeni wa heshima. Alikuwa amejiandaa kumshukuru tena. Mimi mwenyewe nilimsaidia kukunja leso ya kumpa, na nilinyamaza, kwa sababu ningemwambia angenizuia.

Makokha akasimama. Viatu vyake vinalia, nilivisikia hadi kwenye maiki. Akasalimu kanisa mara tatu, akasifu mhubiri, akasifu kwaya, kisha akafika kwako. "Mwalimu Wekesa, kama mjuavyo, teknolojia ilim..." Nikazungusha kitufe.

Alibisha maiki kwa kidole. Akapuliza. Akasema hello, hello, kwa sauti yake tupu, ambayo bila mitambo ni nyembamba sana, sijui kama ulishawahi kuigundua. Watu wa nyuma wakaanza kunong'ona. Akageuka upande wangu akaniomba nimwangalizie, eti ni nini imeharibika, nimsaidie. Mwalimu, nilingoja. Niliacha ile aibu imwingie hadi kwenye soksi. Nikaivuta maiki ya pili, hiyo ilikuwa wazi, nikamwambia kanisa zima likisikia: "Jipange, Meneja."

Halafu nikasema yote. Skrini, waya, ule mstari mmoja. Nilisema ulivyoomba dakika moja na ulivyonyimwa. Pale katikati nililia kidogo, sitakudanganya, lakini sikuacha. Nilipomaliza, Mchungaji akakohoa akasema wapendwa, tuombe. Mama Brenda akamwambia maombi baadaye, Mchungaji. Sijawahi kumsikia mke wako akimkatiza mtu, na sasa alikuwa anamkatiza mchungaji.

Akamgeukia Makokha. Hakupandisha sauti. Alimwita shemeji, kama kawaida yake, akamuuliza ni nani aliyeweka ile skrini. Makokha akasema ni yeye. Akamuuliza kama alijua sauti imeenda huko. Nilisikia viatu vyake vikilia tena, kulia, kushoto. Kisha akasema alipita nyuma yako siku ya pili akayaona maandishi, akajua. Lakini alikuwa ameshawaambia wakubwa kwamba umeiharibu mashine, na alishindwa kurudi kwao kusema amekosea.

Hilo sikulijua, Mwalimu. Nilidhani ni ukatili wa kutosoma. Kumbe alisoma. Alisimama nyuma ya kiti chako, akausoma mstari wenyewe uliokuwa ukiuomba, akaenda kuketi. Ningekuwa na kitu kizito mkononi siku ile, ningekuwa nakuandikia kutoka kituo cha polisi.

Mama Brenda akauliza, "Kwa hivyo mzee wangu hakuharibu kitu?" Makokha akasema hapana, hakuharibu. Alisema chinichini, sisi wa mbele ndio tuliosikia. Nikasikia mke wako akivuta pumzi, na nguo yake ikakwaruza kiti, nikadhani anaketi, nikadhani yamekwisha na atalia. Hakuketi. Alikuwa anasimama vizuri. Akasema, "Nanjala, mfungulie sauti. Arudie. Watu wa nyuma hawajasikia."

Nikamfungulia. Nilimpandishia hadi mwisho wa kitufe. Na akarudia, Mwalimu, kupitia kisanduku chako, jina lako lote na ubin wa baba yako, mpaka wale waliokuwa nje wakiosha sufuria wakasimama kusikiliza. Na Mama Brenda akamfanya arudie tena, kwa sababu alimeza neno "nilijua".

Baadaye nje watu walikuwa wanasema nimevuka mipaka, kwamba kanisani hapafanywi hivyo. Huenda. Makokha alinitumia ujumbe jana, anaomba aje tuzungumze kama watu wazima, tusameheane. Msomaji alinisomea kwa lafudhi yake ya kipadre. Sijamjibu. Mama Brenda naye nilimsindikiza sokoni leo asubuhi, mkono wangu begani mwake, na nilihisi tunatembea katikati ya njia. Watu ndio waliokuwa wakitupisha.

Pumzika sasa, Mwalimu wangu. Swali lako nimelijibu na jina lako limeoshwa. Darasa nitalishika, na kila mwanafunzi atakayeketi hapa kwangu atajifunza kuuliza kwanza ni nani ameingia chumbani na amegusa nini. Kuhusu Makokha, nakuahidi hivi: nitaendelea kumchukia kwa niaba yako mpaka mke wako aniambie basi. Nilimuuliza njiani leo kama tayari. Akaniambia twende tununue mboga ya sukuma, na akaniambia nisifute ile rekodi.

Mwanafunzi wako,
Nanjala