Grini ya Mama Nyuma ya Ghala la Pamba

Jumamosi, mwisho wa Julai. Bariadi. Jua kali, vumbi tangu asubuhi, na furaha niliyonayo imenifanya nishindwe hata kula.

Shajara yangu, leo sijui nianzie wapi. Nimekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, miguu ndani ya beseni la maji, simu mkononi, na vidole vinakosea herufi kila neno la tatu. Mama yuko jikoni anasonga ugali huku anaimba wimbo wa kwaya. Anasahau maneno katikati, anaanza upya. Fimbo zetu zimebaki. Naandika tena ili niamini mwenyewe: fimbo zetu zimebaki Bariadi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana kuna wanaopita kwenye ukurasa huu wa mtandaoni kwa mara ya kwanza, wasije wakadhani nauza fimbo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka jana, kwenye kikao cha walimu wa michezo, tuliulizwa nani anaujua mchezo wa gofu. Nikasema nimewahi kuuona kwenye televisheni. Kwa kosa hilo nikapelekwa Mwanza wiki nzima kujifunza kufundisha watoto, nikarudi na cheti, fimbo kumi na moja zilizochakaa na ndoo ya mipira midogo. Ni mpango wa kukuza wachezaji chipukizi kwenye miji isiyo na viwanja vya gofu. Sisi tukapewa eneo nyuma ya ghala la zamani la ushirika, lile lililobaki tupu tangu wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuweka mizani yao kila kona. Nina watoto kumi na wanne. Wengi wao walichunga ng'ombe kabla ya kujua kusoma, kwa hiyo fimbo mkononi si jambo geni kwao.

Na wanapiga. Jamani, wanapiga. Kuna binti anaitwa Kabula, miaka kumi na miwili, kwao Mwandoya ila hapa anaishi na shangazi yake. Siku ya kwanza aliuvusha mpira juu ya paa la ghala, kisha akaniomba msamaha akidhani amekosea.

Tabu yetu ilikuwa pale mwisho. Kwenye gofu unapiga mbali, lakini ukishafika karibu na shimo unausukuma mpira polepole mpaka utumbukie, na hapo panatakiwa pawe na kiwanja kidogo kilicho laini. Hicho ndicho grini. Sisi tulikuwa na udongo wa mbuga tu, huu mweusi wetu, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono. Mtoto anausukuma mpira vizuri kabisa, mpira unaelekea shimoni, ghafla unamezwa na ufa njiani. Masanja, mdogo kuliko wote, aliwahi kuingiza mkono mpaka kiwiko akatoka na mpira na nge. Tangu siku hiyo kila ufa uliomeza mpira tuliuachia.

Mwezi wa tano alikuja Kocha Festo, anayesimamia mpango wetu kutoka Mwanza. Alitazama akatikisa kichwa. Akasema watoto hawa wanapiga kama wanafukuza fisi, na wakifika karibu na shimo bado wanamfukuza. Kila mtu alicheka, na mimi nikacheka. Kisha akaniita pembeni. Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniumiza, kwamba kituo kisicho na grini hakimkuzi mchezaji, na fimbo zilizopo ni chache. Mpaka mwisho wa Julai kama hatuna mahali pa kufundishia kusukuma, fimbo zitahamishiwa mji mwingine.

Nilirudi nyumbani nikalia. Sioni aibu kuliandika hilo.

Nikampigia mama, kijijini Ipililo. Sikumpigia kwa kutegemea jibu, nilitaka tu kusikia sauti yake. Nikamweleza yote, pamoja na nge. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Yaani unataka mahali pagumu, pasipo na ufa, punje ikidondoka uione?"

Nikasema ndiyo, mama, ila ni mpira, siyo punje.

"Basi si uwanja wa kupuria huo, ng'wanone?"

Aliniita ng'wanone, mwanangu, nami nikaona jinsi nilivyo mjinga. Nimezaliwa pembeni ya uwanja wa kupuria mtama. Nimelala juu yake usingizi wa mchana. Na wiki nzima ya mafunzo nilikuwa nimekaa darasani naandika kwenye daftari kwamba sisi hatuna sehemu laini.

Wiki iliyofuata akashuka kwenye basi na jembe lake limefungwa kwenye gunia. Akazunguka eneo lote mpaka akapata mahali palipoinuka. Wazazi wakaleta udongo wa kichuguu kwa mkokoteni wa ng'ombe, watoto wakaushindilia kwa miguu huku wakiimba. Kisha mama akachanganya mavi mabichi ya ng'ombe na majivu, akapiga magoti, akaanza kusiriba kwa kiganja huku akirudi nyuma. Ukikauka anarudia. Siku ya nne uwanja ulikuwa mgumu na laini, rangi ya kijivu, na ukiudondosha mpira juu yake unausikia. Shimo tulilitoboa karibu na katikati, tukazamisha kopo la maziwa ya unga.

Tuligombana mara moja tu. Nilitaka uwe tambarare kama meza, nilivyoonyeshwa kwenye picha. Yeye akauinua mgongo kidogo upande mmoja. Nikambishia mbele ya watoto, nikataja cheti changu. Akaniambia uwanja usiomwaga maji mvua ikija ni lambo la bata, akaendelea na kazi.

Mimi, shajara, sikusiriba hata kiganja kimoja. Nilibeba maji, nilipanga watoto, nilipiga filimbi. Nyumbani tulipokuwa wadogo kila binti alikuwa na kipande chake cha uwanja. Changu kilikuwa upande wa mpapai. Nilikuwa najificha nyuma ya kihenge na kitabu, na kila mwaka kipande changu kilikutwa kimesiribwa. Baba hakujua. Mama hakuwahi kusema neno, ila aliniambia mara moja tu nisome basi, kama nimeamua kusoma.

Sasa ungamo lenyewe.

Kocha Festo alipopiga simu kuuliza maendeleo, nilimwambia grini iko tayari na tumetumia udongo maalumu, mchanganyiko wa kitaalamu. Maneno hayo hayo. Nilishindwa kulitamka neno mavi kwa mtu wa Mwanza aliyenisainia cheti. Akafurahi, akasema atakuja kuiona mwenyewe. Na jana, Mungu anisamehe, nilimwambia mama kwamba mgeni akiuliza chochote aniachie mimi niongee. Mama akanitazama akasema, "Haya, mwalimu." Ananiita mwalimu akikasirika tu.

Kwa hiyo usiku sikulala vizuri, na asubuhi nilivaa fulana ya michezo nyuma mbele mpaka Kabula akanishtua.

Saa nne kocha akafika. Amevaa kofia, na viatu vile vya gofu vyenye meno chini. Akamsalimia mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," mama akaitikia kwa furaha. Akaiona grini, akatoa macho, akaikanyaga.

"Bhabha, viatu."

Mama hakupaza sauti. Aliisema kama anavyotuambia sisi wanawe. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na kwa udongo wetu hilo linawezekana kabisa. Kocha akatazama chini. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari umeacha vishimo pembezoni. Akarudi nyuma, akainama, akavua viatu, akavua na soksi. Nyayo zake zilikuwa laini kama za mtoto mchanga na watoto wangu wakabana vicheko.

Akaingia peku. Akachuchumaa, akaupapasa uwanja kwa kiganja, akanusa vidole.

"Mwalimu, huu udongo maalumu mnautoa wapi?"

Watoto kumi na wanne walinigeukia. Kila mmoja wao alibeba ndoo ya mavi kichwani kutoka zizi la jirani. Nikamwangalia mama, nikitumaini ataropoka aniokoe. Lakini mama alikuwa ameahidi kuniachia niongee, na aliishika ahadi yake. Alikuwa anatazama mikono yake tu, ile ya vidole vilivyokomaa, ameikunja juu ya kanga.

Hapo nikaona aibu ya kweli, siyo ile ya mavi.

"Ni mavi ya ng'ombe, kocha," nikasema. "Na udongo wa kichuguu na majivu. Kausiriba mama yangu, huyu hapa. Kwenye simu nilikudanganya."

Nilijua nimezipoteza fimbo. Nikaanza hata kuwaza zitatosha kwenye gunia gani.

Kocha Festo akabaki amechuchumaa. Kisha akageuka, siyo kwangu, kwa mama. "Mabichi au makavu?"

"Mabichi, bhabha. Ya asubuhi ile ile. Makavu hayashiki."

"Na majivu kiasi gani?"

Shajara, waliongea mpaka kivuli cha ghala kikasogea. Mama alieleza kwa mikono, Kocha akaandika kwenye kijitabu, mimi nimesimama kama goli. Mara moja tu nilijaribu kuchangia hoja, wote wawili wakanisubiri nimalize, kisha wakaendelea.

Baadaye akachukua fimbo fupi kujaribu. Akapima kwa jicho, akausukuma mpira kwa ustadi kabisa kuelekea shimoni. Ukapinda, ukapita pembeni. Akacheka, akarudia. Ukapita tena. Mara ya tatu alikunja uso, hakucheka. Ule mgongo niliobishania ulikuwa unaupokea mpira taratibu na kuutoa nje.

Akamwita Kabula. Kabula akaingia peku, akauzunguka uwanja mzima kama mtu anayetafuta ndama, kisha akasimama na kulenga pasipo na shimo kabisa. Kocha akanikonyeza, akidhani mtoto kachanganyikiwa. Kabula akausukuma. Mpira ukapanda, ukasita juu ya mgongo, ukageuka wenyewe, ukateremka mpaka ndani ya kopo. Ile sauti ya bati nitaisikia mpaka nizeeke. Kabula akaenda kuutoa mpira wake, akamkabidhi kocha kwa mikono miwili.

Wengine wakafuata mmoja mmoja. Waliokosa walikosa kidogo. Hakuna aliyefukuza fisi.

Kocha alisema kwenye vituo vingine watoto wanajifunzia kwenye sakafu ya saruji, wanajua kunyoosha tu, wakipelekwa kwenye grini halisi yenye mteremko wanalia. Akasema fimbo hazitoki Bariadi. Akasema pia atawaleta walimu wa vituo vingine wamwone mama akisiriba. Mama akajibu waje tu, ila wasije na yale majembe ya miguuni.

Nilipiga kelele. Mwalimu mzima, nimempakata Masanja nazunguka naye, na filimbi imening'inia mdomoni inalia yenyewe.

Ningeweza kuishia hapo. Ila kuna jambo la jioni.

Kabla hajapanda gari, kocha alitaka kujua nani atautunza uwanja mama akirudi Ipililo, maana amekaa nami tangu uwanja uanze, Jumatatu anaondoka, pamba yake inamsubiri, na uwanja wa namna hii usiposiribwa mara kwa mara unachubuka. Mama akaninyooshea kidevu. Kocha akanitazama, akaitazama mikono yangu, akasema, "Sawa," kwa sauti ya mtu ambaye hana uhakika.

Watu walipotawanyika nilimwonyesha mama vile vishimo vya kiatu pembezoni. Vilikuwa vinane. Nilidhani atapiga magoti avizibe, nikaanza kumtafutia maji. Hakupiga magoti. Alikipima kipande kile kwa macho, kutoka kwenye vishimo mpaka pembeni ya shimo, akachora mstari kwa kidole cha mguu.

"Hapa ndipo upande wa mpapai," akasema.

Sikujua kama anakumbuka. Miaka yote hii sikujua kama alikuwa anahesabu kile kipande kuwa changu. Nilitaka kumwambia mengi, nikaishia kumwambia wabeja, mayu, asante mama. Akasema twende, ana njaa.

Kwa hiyo kesho, kabla ya ibada, jirani ameahidi kutuwekea ndoo moja mara tu ng'ombe wakiamka. Mama atakaa kwenye kigoda anielekeze, amesema hatagusa. Kabula amesema atakuja kuangalia, sikumzuia. Nimemuuliza mama kama nitafute glavu dukani, akacheka mpaka mwiko ukamponyoka.

Nimeshakata kucha.