Nishikie Kidogo

Muscat

Kaka yangu Shabani,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Baba ameamkaje? Mkono wake umeanza kushika kikombe, au bado wewe ndiye unamnywesha uji? Mimi mwili uko salama, roho ndiyo iko Dunda. Nimempa barua hii mpishi wa Mapinga anayekuja likizo, maana kwenye simu kila nikikuuliza hali unasema "tupo", kisha unampa Baba.

Ile amplifaya yetu iliyofungwa mpira wa baiskeli huku hakuna. Hapa hotelini ninapopiga gitaa nakanyaga mashine ya kidijitali yenye sauti za amplifaya kibao. Ukikanyaga kitufe, gitaa lililokuwa likinong'ona linaunguruma. Shida ni kwamba zamani kila nikibadili, sauti ya kwanza ilikatika kabla ya pili kuja. Ni kitambo cha kupepesa jicho, lakini msimamizi alikisikia, akasema nikiendelea kukata nyimbo atatafuta mwingine.

Siku moja tunaingia kwenye chemko, pale wimbo unapopamba moto, mguu uko juu ya kitufe, neno likanitoka mdomoni: "Nishikie!"

Mpiga kinanda, Mfilipino, akanitazama. Wageni nao wakanitazama, vijiko mkononi. Nani anishikie, kaka? Huko nyumbani nikisema hivyo na kugeuka kuzungusha vifundo vya amplifaya, wewe ulikuwa ukijaza kwa gitaa lako la rithim, wachezaji wasijue kama nimeacha kupiga. Nilicheka, kisha nikaona haya, kisha nikakukumbuka.

Mfilipino yule ni mtu wa watu, akanionyesha kosa langu. Kila sauti nilikuwa nimeiweka kwenye programu yake peke yake, kwa hiyo kubadili kulikuwa kuhama nyumba, na mashine hunyamaza wakati wa kuhama. Tukaziweka zote kwenye programu moja, sasa nahama chumba tu. Mwangwi wa sauti ya kwanza unabaki ukififia huku ya pili ikiingia. Msimamizi ameridhika, akaniletea mkataba wa miaka miwili mingine nitie saini.

Wiki hiyohiyo Shangazi akanipigia. Kumbe uliitwa kazini hifadhini Saadani ukakataa, kwa sababu Baba hana wa kumgeuza kitandani. Hukuniambia, kaka. Baba alipopata kiharusi nami naondoka, nilikuambia pale mlangoni, "Nishikie kidogo." Hiyo kidogo imefika miaka mitatu. Mwangwi wa mashine hii nausikiliza kila siku, nao haushiki milele. Wewe nilikufanya kama mtu asiyechoka, na hilo linaniuma kuliko upweke wa huku.

Mkataba nimeurudisha bila saini. Msimamizi ameshangaa, nami nimemwambia nina zamu nyumbani. Shangazi anasema nafasi ya Saadani haijapata mtu, basi kaulizie usingoje barua nyingine.

Nisalimie Shangazi, mwambie umbea wake safari hii nimeubariki. Shemeji, mkeo, mwombe radhi kwa niaba yangu. Baba mwambie gitaa lake asimpe mtu, nakuja kumpigia pale kitandani.

Nitafika kabla ya mfungo. Ulinishikia vya kutosha, kaka. Sasa geuka wewe, nimeshika.

Mdogo wako,
Idi