Kurasa Arobaini za Fundi Saa

Chumba cha tatu,
Nyuma ya ghala la mbao,
9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Mgongo je, umeacha kukusumbua? Na Mkazamjomba kifua chake kimetulia? Sisi wazima, ila mjukuu wako anaota meno, ananitafuna bega kutwa kucha.

Nimechelewa kuandika kwa sababu ya aibu. Mjomba, nimeharibu kazini.

Niliporudi kutoka likizo ya uzazi, pale dukani petu pa kuchapa nilikuta lugha nyingine. Miezi minne tu! Wewe ulinifundisha kuhifadhi ni kuweka kazi kwenye flashi, flashi kwenye droo, ufunguo shingoni. Sasa wakisema kuhifadhi, hakuna anayeshika kitu. Kazi inakaa kwenye wingu, yaani mashine za mbali huko nisizozijua. Flashi zimepigwa marufuku. Nikiuliza, mwenzangu wa meza ya pili ananicheka: "Bibi wewe, disketi zilikusahau!" Nina miaka ishirini na minne, Mjomba. Basi nikaacha kuuliza, nikawa naitikia tu.

Kuna mzee mmoja, fundi saa, macho yamemwishia. Alikuwa anakuja kunisimulia maisha yake niyachape, awaachie wajukuu. Tulifika kurasa arobaini. Bosi aliniambia ziko kwenye wingu, nisiwe na wasiwasi. Jioni nikafanya kama ulivyonizoesha: kabla ya kufunga, futa kazi zilizomo mashine isijae, mwaga na pipa la taka la humo ndani. Kumbe siku hizi ukifuta hapa, na kule kunafutika. Bosi alihangaika siku mbili, hakupata kitu.

Nilimwambia mzee mimi mwenyewe. Hakufoka. Alisema, "Binti yangu, mengine nikishakuambia nilikuwa nayaachilia yanitoke kichwani. Sasa nitayatoa wapi?" Bora angenitukana.

Bosi amenitoa kwenye mashine. Nabana karatasi na kufagia. Nilimwomba anielekeze hayo mapya saa ya chakula, akasema, "Nikikufundisha leo, mwezi ujao yamebadilika. Muda huo ninao?" Si mtu mbaya. Amechoka tu.

Nawe usijilaumu. Ulichonipa kilikuwa sawa siku uliyonipa. Najua nitajifunza tena, hata wanicheke.

Sasa kila nikitoka kazini napitia kwa mzee na daftari, mtoto mgongoni, naandika kwa mkono. Tuko ukurasa wa sita. Jana alikwama kwenye jina la mama yake. Tulingoja wee, mpaka mtoto akasinzia. Mwisho nikaacha nafasi kwenye mstari, nikamwambia litakuja tu, baba, tuendelee.

Nisalimie Mkazamjomba, Binamu Mrefu na wanawe, na shangazi yako kama bado anasikia. Mungu awatunze, awape usingizi mwema na riziki isiyokauka.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye siku zote,
Mama Bonge