Mlima Ule Haukuwa Wetu

Mama yangu,

Shikamoo. Nimekaa barazani kwako, kwenye kile kiti chako cha kamba kilicholegea upande mmoja, na nimeitamka kwa sauti kabisa. Mdogo wangu Mwajuma amechungulia dirishani akidhani nimepata mgeni. Hakuna aliyeitika marahaba. Basi naiandika, labda ya kuandikwa itafika.

Nataka tuzungumze habari ya siku ile nilipopotea Port Louis, kwenye kile kisiwa cha mbali, kwa sababu ndiyo siku ya mwisho niliyoisikia sauti yako, na kwa sababu siku hiyo ulinidanganya. Wewe huyo huyo uliyekuwa ukinichapa kwa kukana sukari niliyoilamba! Nitafika huko. Kwanza tuanze na mlima, maana kwetu hakuna habari isiyoanza na mlima.

Unakumbuka uliponipoteza sokoni? Siku zote ulisema mimi ndiye niliyepotea, na mimi nikasema wewe ndiye uliyenipoteza, na ubishi huo tumekula nao, tumelala nao, hatukuumaliza. Nilikuwa mdogo, hata shule sijaanza. Umeshusha mikungu yako ya ndizi, unavutana na mnunuzi, mimi nikamfuata mtu aliyebeba kuku wa madoadoa. Nilipoinua kichwa, kuku hayupo, mama hayupo, nimebaki na miguu ya watu. Nililia mpaka sauti ikakauka. Halafu nikauona mlima juu ya mabati ya maduka, nikakumbuka kwamba nyumba yetu iko chini yake, nikaanza kutembea. Ulinikuta mbali, barabara ya kuja Bigwa, kanga imekudondoka begani, unahema. Nilijua leo nakwisha. Hukunigusa. Uliniuliza tu, "Nani kakwambia upite huku?" Nikakuonyesha mlima kwa kidole. Ukacheka mpaka ukakaa kwenye nyasi, na machozi yakakutoka palepale.

"Umefanya vizuri," ukasema. "Mlima hauhami. Ukipotea mjini, uelekee huo, utafika nyumbani."

Lile la pili ulinifundisha tukipanda kwenda shamba la bibi. Kila njia panda ulinishika mabega ukanigeuza, nitazame tulikotoka. Nilikuwa nachukia, jamani! Mgongoni nina kuni, tumboni nina njaa, na mama yangu ananizungusha kama pia. "Njia ya kwenda siyo njia ya kurudi," ulikuwa unasema. "Geuka uione sura yake ya kurudi." Niliona ni mambo ya kizamani mpaka siku ile ukungu ulipotukuta juu. Hatukuona hata vidole vyetu. Ukatangulia unavitaja vitu kabla hatujavifikia: mgomba uliopinda, jiwe lenye tumbo, mfereji. Tukashuka hivyo hadi tukasikia mbwa wa nyumbani.

Na la tatu: njia usimuulize aliyekaa bure, muulize mwanamke mwenye mzigo. Mwenye mzigo hana nafasi ya kukudanganya, anachotaka ni umpishe apite.

Nilipopata kazi ya kufua kwenye meli ya watalii, mjomba alishika kichwa. "Mluguru na bahari, wapi na wapi?" Majirani wakataka kujua kama kule chini ya meli kuna madirisha. Wewe ulikuwa unachambua mchicha. Uliuliza jambo moja tu: "Huko mtakakokuwa mnashuka, kuna milima?" Nilicheka. Nikakujibu kwamba huko kuna bahari, mama, mlima wa nini.

Sikukucheka tena nilipoanza kushuka. Meli yetu inafunga gati asubuhi, watalii wanamwagika mjini, na jioni tunang'oa nanga. Sisi wafanyakazi tukiruhusiwa tunapata saa chache tu. Pasipoti zetu zinabaki melini, unatoka na kitambulisho cha kazi shingoni, na unatakiwa uwe umerudi kabla ya watalii. Mtalii akichelewa watahangaika kumtafuta. Mfua mashuka akichelewa, meli inaondoka. Wenzangu walitoka kwa makundi. Mimi zamu yangu ilikuwa inaisha vibaya, kwa hiyo mara nyingi nilitoka peke yangu. Miji ya watu hiyo niliitembea kwa maneno yako. Nikivuka geti la bandari, nageuka. Naitazama dohani nyekundu ya meli yetu imekaa upande gani, na jengo gani limesimama jirani yake. Kila kona, nageuka. Saa ya mkononi naiacha kwenye majira ya meli, siigusi hata mji ukiwa na majira yake. Kitambulisho nakificha ndani ya blauzi. Simu siitoi barabarani nikaiangalia kama kioo. Naingia dukani kwanza. Na natembea kama mtu aliyechelewa kazini, kwa sababu ulisema anayetembea kama anatafuta hakosi wa kumtafutia. Miji mingi hiyo, mama, na sikuwahi kupotea hata katika mmoja.

Isipokuwa ule wa Port Louis.

Nilinunua laini ya simu jirani na bandari nikakupigia hapo hapo. Nilikuwa na habari kwamba mgongo unakusumbua na una homa za kuja na kuondoka. Hayo tu ndiyo niliyoambiwa. Mwajuma alipokea, akachelewa kukupa. Sauti yako ilikuwa chini.

"Uko wapi, mama?"

"Niko barazani, nautazama mlima. Leo umevaa kilemba."

Nikaliona wingu lenyewe, limekaa juu ya Uluguru kama lilivyozoea mvua ikikaribia. Nikakuuliza mgongo. "Mgongo ni wangu, utanisaidia kuubeba?" Ukataka kujua nakula nini, nikakuambia wali upo lakini hauna nazi, ukasikitika kama vile nimekuambia nimefiwa. Tukaendelea hivyo. Nikapita soko, nikapita maduka ya vitambaa, nikapita msikiti, naongea na wewe, nacheka na wewe. Na sikugeuka. Kwenye kona zote zile, sikugeuka hata mara moja. Nani ageuke wakati mama yake yuko sikioni?

Niliitazama saa. Muda wa kurudi ulikuwa umefika, na mitaa yote ilikuwa na sura moja. Bahari siioni wala siisikii. Nikazunguka pale nilipo, na katikati ya nyumba mbili nikauona mlima.

Naapa mama, miguu haikuniuliza. Ilikwenda. Na vile ilivyokwenda! Nilianza kupanda ule mtaa mbio mbio, na moyo ukatulia kabisa, kama mtu aliyekwishaona bati la kwao. Mtu wa Dar asingefanya kosa lile, wala wa Dodoma. Ni sisi tu tuliokulia chini ya mlima tunaoweza kuikimbia meli kwa furaha namna ile.

Ukasikia nahema. "Mbona kama unapanda?"

"Napanda, mama. Nimepotea kidogo, ila usijali, nimeshauona mlima."

Nikadhani bando limekwisha. Kisha ukaniita kwa jina langu, polepole.

"Tunu. Mlima gani?"

Nilisimama katikati ya njia na simu sikioni, nikautazama. Ulikuwa na ncha kali, hauna hata mgomba mmoja.

"Huo siyo wetu, mwanangu," ukasema. "Meli iko mlimani?"

"Haiko."

"Basi ugeuzie mgongo. Shuka. Maji yote yanashuka kwenda baharini, nenda nayo."

Hapo ndipo hofu iliponishika barabara. Pasipoti yangu melini, tiketi yangu ya kurudi nyumbani ikisubiri mkataba uishe, na mkataba wenyewe ulikuwa ukingoni. Nikiachwa pale sijui ningekaa katika nchi ile ya watu mpaka lini. Nikakuambia, huku nikikizuia kilio, "Ikiniacha sitakuona, mama."

"Utaniona. Shuka."

Nikashuka. Akatokea mwanamke ana furushi la vitambaa kichwani, jasho linamtoka. Lugha yake siijui, nikamchorea meli hewani kwa mikono na kupiga honi kwa mdomo, mtu mzima mimi. Hakusimama. Alinyoosha kidevu upande wa kushoto, akapita zake, vilevile kama wanawake wa kwetu wanaposhuka na ndizi. Nikakusimulia, ukacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi hakikuisha, nikamsikia Mwajuma akisema, "Dada, wewe shuka tu." Halafu ukarudi kwenye simu. Hukuongea tena sana. Kila nilipofika kona uliniuliza, "Unaona nini?" Nikakutajia: duka la viatu, ukuta wa bluu, mwembe. Mwisho nikaiona dohani nyekundu.

"Naiona, mama."

"Haya. Ingia."

Bando likakata hapo. Nilivuka geti nikikimbia, na nikaingia zamu bila hata kubadilisha viatu.

Habari yako ilinikuta katikati ya bahari, siku chache baadaye. Msimamizi aliniita pembeni akaniambia umezikwa adhuhuri. Mimi wa kufika wapi? Nikarudi mezani kwangu, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kwenda kwenye meli. Mashuka yalikuwa yamejaa mpaka usawa wa kifua, meupe, nikayakunja moja baada ya jingine, na kila nikilishika shuka nakusikia wewe: shuka, Tunu, shuka. Wenzangu waliondoa mikono yangu kwenye vitambaa mmoja mmoja. Nililia kilio ambacho nilikuwa nimekiweka tangu ule mtaa wa mlimani.

Nilipotua stendi ya Msamvu, bodaboda aliniuliza, "Dada, nikupeleke wapi?" Nikamjibu, "Mlimani." Akautazama, akanitazama. "Mlimani wapi, dada yangu? Si mlima wote ule?" Alikuwa na haki. Miaka yote nilikuwa nasema "kwa mama," na hilo sasa halikutamkika. Ilinichukua muda kulipata jina la Bigwa.

Mwajuma ndiye aliyeniambia ukweli, jana, tukiwa tunaosha vyombo vya arobaini yako. Siku ile hukuwa barazani. Ulikuwa hospitali, umelala ubavu, huwezi kukaa, yeye amekushikia simu sikioni. Mbele yako palikuwa na ukuta. Hapakuwa na mlima, hapakuwa na kilemba. "Alinikataza nisikwambie," akasema. "Alisema uko peke yako kwenye mji wa watu, na mtu anayelia haioni njia."

Nilikasirika, mama. Nilisusa vyombo nikaenda kukaa nyuma ya jiko. Bado nina hasira. Ulinidanganya baraza, ukanidanganya mlima, ukanidanganya "utaniona." Lakini leo asubuhi nimekaa kwenye kiti hiki, mlima umevaa kilemba chake kweli, na nimewaza jinsi ulivyolala pale na maumivu yako, unatazama ukuta, na ndani ya ule ukuta unanitafutia njia mtaa kwa mtaa. Sijui ni nani mwingine duniani atanifanyia hivyo. Nadhani hayupo.

Mchana mjomba alinipeleka kaburini. Umelala pazuri, kwenye mteremko, karibu na bibi. Aliomba dua, mimi nikaitikia, tukakaa kidogo. Tulipoinuka akanishika mkono. "Twende, mwanangu. Na usigeuke nyuma." Ndiyo desturi, najua, nimeikuta: anayetoka makaburini hatazami alikotoka. Wewe mwenyewe ulinishika kichwa nisigeuke tulipotoka kumzuru bibi. Nikaenda naye mpaka pale njia inapogawanyika, moja inashuka Bigwa, nyingine inapanda shambani.

Mwezi ujao narudi melini kwa mkataba mpya. Kuna bandari nyingi huko, na nyingine zitakuwa na milima. Nikasimama pale njia panda, na mabega yangu yakaikumbuka mikono yako.

Nikageuka.

Mjomba amenuna, chai yake haijaguswa mpaka sasa. Atapoa. Lakini mimi nimeiona sura ya kurudi: mfenesi uko kushoto, jiwe jeupe liko kulia, na wewe uko katikati, chini ya mlima wetu. Sitamuuliza mtu njia.

Na ule ubishi wa sokoni, mama, chukua, umeshinda. Mimi ndiye niliyepotea. Wewe ulinitafuta.

Mwanao,
Tunu