Ndoo Moja ya Namawala

Dada Neema, shikamoo. Joto la Ifakara limenikaanga, ila wali wa huku unalika hata bila mboga.

Leo nilikwenda kijiji cha Namawala kuingiza kilabu cha pombe cha Mama Anjela kwenye ile orodha yetu ya mtandaoni ya baa za dunia nzima. Kitambulisho shingoni, simu mkononi, nikamuuliza, "Mama, huwa wanaanza kuja saa ngapi?"

"Jua likizama tu. Wanang'ata mpaka alfajiri."

Kugeuka, wanywaji wote kwenye benchi wameshanyoosha vidole nivitoboe niwapime damu! Kumbe wamezoea watafiti wa malaria miaka nenda rudi. Mgeni mwenye kitambulisho, kwao, ni mtu wa mbu. Mzee mmoja akanihimiza, "Anza na mimi, kijana, kikombe kinanisubiri."

Nikawaeleza kwamba nataka dunia nzima ikijue kilabu chao. Mama Anjela akashika kiuno. "Dunia nzima? Na ndoo ni hii moja?"

Wateja wakaja juu, nifute haraka! Nimebembeleza mpaka wakakubali niandike hivi: kinafunguliwa pombe ikiiva, kinafungwa ndoo ikikauka, na wageni waje na vikombe vyao.

Haya dada, nimewakumbuka sana, wabusu watoto. Mama akiuliza nafanya kazi gani huku, mwambie utafiti wa malaria. Mashahidi ninao benchi zima.

Mdogo wako,
Elia