Fundo la Joséphine

Mpendwa mshauri wetu wa redioni, Mama Adèle,

Naomba msaada wako, maana nyumbani kwetu siku hizi hatusemezani vizuri. Mimi ni Mwanvua wa Alunguli, nina depo, ghala ambamo mfanyabiashara analeta mzigo siku yoyote na kulipia nafasi anayotumia tu, iwe juma moja au msimu mzima, na mchele wa Kibombo ukifika tunajaa mpaka mlangoni, nami najivunia kazi hii kwa sababu aliianzisha marehemu mama wakati wa vita, watu walipokimbilia porini wakamwachia vitu vyao, kila mtu amefunga kifurushi kwa kipande cha kitenge chake na fundo lake, na mama alikuwa akituambia, “Fundo ya muntu njo kufuli yake, mwenyewe tu njo atafungua,” na vita vilipoisha wote waliyakuta mafundo kama walivyoyaacha, isipokuwa Joséphine wa Mikelenge, ambaye hakurudi, na kifurushi chake kiko pale konani hadi leo. Sasa mume wangu Fadhili anasema, “Hii kitu iko inakula nafasi ya mifuko ya muchele, tufungue, tugawe, basi,” na kweli wateja tunawarudisha, lakini mkono wangu unakataa. Je, mimi ni mjinga?

Mwanvua, Alunguli

Mwanangu Mwanvua,

Mjinga si wewe, ila umenikasirisha kidogo kuuliza jambo ambalo mama yako alikwisha kulijibu. Mimi wakati wa vita hivyohivyo nilimwachia jirani sufuria zangu. Niliporudi nilimkuta anazipikia, tena akanikaribisha chakula.

Fadhili si mbaya, nafasi ndiyo riziki yenu. Lakini mwambie kuta kila mtu anazo. Wafanyabiashara wanakuja kwenu kwa sababu mzigo wao hauguswi. Mkilifungua fundo la Joséphine, kila mteja atakwenda kukagua la kwake.

Na wewe, acha kulia kama usiye na mikono. Mwite seremala apige rafu juu ya mlango, kifurushi mkifunike kwa gunia kipande huko, mchele ukae konani. Jina la Joséphine litangazwe kanisani, msikitini na hapa redioni. Rangi ya kitenge msimwambie mtu, atakayekuja kudai aitaje mwenyewe. Akiitaja, mpeni afungue kwa mkono wake.

Asipokuja mtu, kikae. Na mteja mpya akikuuliza atakuaminije, usimweleze mengi, mwonyeshe juu ya mlango.